Povu Litulie

Mwezi wa tano, theluji imebaki kileleni tu
kama leso iliyosahauliwa na mtu mwenye haraka,
kijiji chetu kilipanda malishoni kupima maziwa.
Kila mwenye kondoo alikamua wake, mara moja, hadharani,
na alichokipata siku ile
ndicho kilichompimia fungu lake la jibini
hadi majani ya misindano mwekundu yapukutike.
Hapakuwa na karatasi.
Palikuwa na kijiti cha mjozi, ndoo,
na jicho la Gavrila.

Wengine walikuja na kondoo arobaini, sitini.
Akina Tivadar walikuja na fidla mbili
na pipa la pombe ya plamu lililopanda mkokoteni wake peke yake,
wanaume wao wamevaa vile vikofia vya mabua ya ngano,
vidogo kama visosi, vinavyokaa kichwani kwa ubishi tu.
Bibi yangu Saveta alikuja na kondoo mmoja, Rujana,
na mimi wa kubeba ndoo.
Nilikuwa na miaka tisa.

Rujana alizaa vibaya kwenye baridi.
Kiwele chake upande mmoja kilikuwa kimekauka
kama glavu iliyookotwa barabarani.
Bibi alipiga magoti juu ya gunia,
akaegemeza paji la uso ubavuni mwa mnyama,
akambembeleza kwa majina
ambayo mimi sijawahi kuitwa.
Kisha akasema, "Peleka."

Kutoka zizini hadi mezani kwa Gavrila
ni hatua mia na ishirini. Nilizihesabu.
Kwenye hatua ya arobaini kuna chemchemi.
Haba na haba hujaza kibaba, nikajiambia,
na maji nayo, si haba?
Nikachota kwa kiganja. Kimoja. Viwili.
Cha tatu kilijichota chenyewe.

Gavrila akashusha kijiti.
"Ngoja!" Bibi alikuwa ameshafika, anahema.
"Povu si maziwa. Povu litulie kwanza."
Miaka yote amewapigia akina Tivadar kelele kwa neno hilo;
leo hakutaka lisamehewe kwake.
Basi fidla zikanyamaza.
Watu mia tatu wakasimama juani
kungoja povu la kondoo mmoja.
Mtoto akalia, akanyonyeshwa. Mbwa akalala.
Padri Onisim, aliyekuwa akinyunyiza baraka
kwa kishada cha rehani,
akabaki ameshika mkono juu, kishada kinadondoka.
Nilisikia viputo vikipasuka kimoja kimoja
kama watu wanaonong'ona jina langu.

Gavrila akachovya. Akatoa. Akatazama alama.
Halafu akafanya jambo ambalo
hakulifanya kwa ndoo nyingine yoyote:
akalamba kijiti.

Akanitazama. Muda mrefu.
Akamtazama padri.
"Baba," akasema, "mwaka huu umenyunyiza sana."

Mlima wote ukacheka. Padri mwenyewe alicheka
hadi akajifuta macho kwa rehani.
Gavrila akakata pengo kwenye kijiti, pengo la haki kabisa,
la maziwa na maji yake,
na fidla zikarudi pale pale zilipoachia.
Bibi hakucheka. Alikuwa akifunga gunia lake.

Jibini ilikuja kiangazi kizima. Tuliila.
Sikuisikia ladha, au niliisikia mno, sikumbuki.
Kondoo waliposhushwa kwa baridi, Bibi aliweka gurudumu la mwisho mezani,
akakata kipande, akakifunga kwa kitambaa safi,
akanituma nacho kwa Gavrila.
"Mwambie ni viganja vitatu."

Hakuwapo kwenye chemchemi. Naapa hakuwapo.

Gavrila alikifungua, akachukua kitunguu,
akakila chote nikiwa nimesimama mlangoni,
polepole,
kisha akakunja kitambaa mara nne
akanirudishia.